Sungura, nguruwe au mbuzi? Kabla hujanunua angalia mama ananyonyeshaje

Tangu Ziwa Tanganyika lifungwe tusivue ule mwaka 2024, ile 15 Mei mpaka 15 Agosti, watu wa Kibirizi na Katonga hapa Kigoma wanaulizia mifugo kuliko zamani, na swali ni lile lile, nianze na nini, na majibu wanayopewa ni yale yale, anza na nguruwe anazaa kumi kwa mpigo, anza na sungura kila ukigeuka kazaa, mbuzi wa nini anazaa mmoja. Sawa, wanazaa. Ila kuzaa ni usiku mmoja tu, kunyonyesha ni wiki na wiki, na watoto wengi wanafia humo humo kwenye kunyonya, hasa siku za mwanzo. Kwahiyo mi ukiniuliza sikuambii nani anazaa wengi, nakuuliza muda wako ukoje, unashinda nyumbani au unashinda kwenye biashara, halafu tunaangalia mama yupi ananyonyesha kwa namna ambayo we unaiweza.

Maana hawa wanyama hawafanani kabisa. Wote mamalia, wote wana maziwa, lakini ratiba zao ni mbingu na ardhi:

Sungura: mara 1 kwa siku, dakika 3 au 4, basi mpaka kesho.
Nguruwe: kila baada ya dakika 40 mpaka saa 1, usiku na mchana, na kila mara maziwa yanatoka kwa sekunde 10 mpaka 20 tu.
Mbuzi: kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, mtoto akitaka.
Ng'ombe: ndama akiachiwa na mama yake ananyonya mara 5 mpaka 10 kwa siku.

Hebu rudia hapo kwa nguruwe. Mara 20 na zaidi kwa siku, na kila mara mtoto ana sekunde chache tu za kupata kitu, akichelewa imekula kwake. Halafu weka pembeni sungura ambaye hata ukimvizia siku nzima huoni kitu. Hao ndo watu wanakwambia "mifugo midogo" kana kwamba ni kitu kimoja.

Nianze na sungura kwa sababu ndo anayetisha wageni. Mimba yake ni siku 31 hivi. Akikaribia anabeba nyasi mdomoni, anajinyonyoa manyoya yake mwenyewe, anatengeneza kiota kwenye boksi, anazaa humo, anawafunika, anaondoka. Asubuhi unamkuta upande wa pili wa kizimba anatafuna matembele kama hana mtoto duniani. Saa 4 hivyo hivyo, saa 10 hivyo hivyo. Hapo ndo simu zinaanza, "Shem, huyu mnyama wako kawatupa watoto, hanyonyeshi kabisa, nimkamate nimlaze juu yao?" Usimkamate bana. Ananyonyesha, ila we umelala. Anaingia kiotani mara moja, mara nyingi usiku au alfajiri, anasimama juu yao, wao wanajigeuza chali chini ya tumbo lake wananyonya, dakika tatu nne anaruka nje, imeisha. Porini ndo usalama wa watoto huo, mama akishinda kiotani anawaonyesha adui wapi pa kuchimba, akikaa mbali hata harufu yake inakaa mbali.

Sasa unajiuliza dakika 3 zinamtoshaje mtoto siku nzima. Ni maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe kwenye gramu 100 mafuta ni gramu 4 hivi na protini gramu 3 na kitu, ya sungura mafuta na protini kila moja ni kama gramu 12, mazito balaa, na sukari ya maziwa ni kidogo sana. Mtoto anaweza kunywa kwa mkupuo mmoja mpaka kama robo ya uzito wake, na ndani ya wiki moja hivi uzito unakuwa mara mbili. Na anazaliwa uchi, haoni, macho yanafunguka kama siku ya 10 mpaka 12, kwahiyo chuchu anaitafuta kwa pua, kwenye ngozi ya chuchu kuna harufu ambayo ikimgonga tu anaanza kutafuta kwa kichwa kama amepigwa shoti, sekunde chache kashika. Hawana chuchu ya mtu, wanahama hama, leo hii kesho ile, hata ndani ya hizo dakika tatu wanabadilishana.

Kazi yako we ni moja tu, asubuhi kabla hujatoka fungua boksi uangalie matumbo. Limejaa, limevimba duara, unaona weupe wa maziwa kwa ndani kupitia ngozi, kanyonya. Limekunjamana ngozi ina mikunjo, huyo hajanyonya, mwangalie kesho, akikosa siku moja anaweza kuvumilia ila siku mbili mfululizo unampoteza. Na ile habari kwamba ukimgusa mtoto mama atamla, kwa sungura wa kufuga aliyekuzoea si kweli, jisugue mikono kwenye nyasi za kizimba chake kama una wasiwasi. Kinachofanya mama wengi wawale watoto wao ni kiu, kelele, mbwa kuzunguka zunguka, au ni uzao wa kwanza hajaelewa somo. Maji! Mama anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima na zaidi kwa siku na joto hili la huku, we unamwekea kikopo cha blubendi.

Mabaya yake sasa. La kwanza, mama sungura haokoti mtoto. Paka akiona mtoto katoka nje anamng'ata shingoni anamrudisha, sungura hana habari hiyo. Mtoto aking'ang'ania chuchu wakati mama anaruka nje anadondoka kwenye sakafu ya waya, na bila manyoya usiku mmoja wa baridi unatosha kumuua, kwahiyo mlango wa boksi uwe na kizingiti cha sentimita 15 hivi umkwangue abaki ndani. La pili ni siafu. Watu wa Kigoma hili halihitaji maelezo, mvua zikianza siafu wanapanda, na watoto wa sungura hawana pa kukimbilia na mama hawezi kuwatetea. Miguu ya banda iweke kwenye makopo yenye oili chafu, gereji wanakupa bure, na majani yasiguse banda maana wanapitia hapo hapo.

Na akifa mama? Kama una majike mawili waliozaa kupishana siku 2 au 3, wahamishie tu yule mwingine, wachanganye na manyoya ya kiota kipya, sungura hachagui nani wake nani si wake. Ndo maana nawaambia watu wapandishe majike mawili siku moja, hiyo ni bima yako. Chupa kwa sungura ni shughuli, maziwa ya ng'ombe kwao ni mepesi mno, wengi wanakufa.

Haya, nguruwe. Nguruwe ana akili na ananyonyesha kwa sauti, kweli, kaa bandani usikilize. Analala ubavu, watoto wanajipanga wanasukuma sukuma kiwele kwa pua kama dakika hivi, yeye anakoroma taratibu, halafu mkoromo unaanza kwenda haraka haraka haraka, hiyo ndo ishara, baada ya sekunde kama 20 maziwa yanashuka na wote wananyamaza kimya wanavuta. Sekunde 10, 15, 20. Yameisha. Wanarudi kusukuma tena, wengine wanalala hapo hapo. Sababu ni kwamba kiwele cha nguruwe hakina sehemu ya kutunzia maziwa kama cha ng'ombe au mbuzi, maziwa yanashuka pale homoni ikifika tu, na ikipita huwezi kupata tone. Ndo maana huoni mtu anakamua nguruwe. Na kama kuna majike wawili bandani mmoja akianza kukoroma na mwenzie anaanza, wananyonyesha pamoja.

Kwenye kugawana sasa, tofauti na sungura, hawa kila mtoto ana chuchu yake. Siku ya kwanza wanapigana hasa, wanazaliwa na meno makali kama sindano pembeni ya mdomo, ndani ya siku chache kila mmoja kashakamata yake na hapo ndo kwake mpaka kuachishwa. Chuchu za mbele zina maziwa mengi kuliko za nyuma, wenye nguvu wanakaa mbele, mnyonge anabakiwa na ya mwisho kule, anazidi kunyongeka. Kwahiyo jike akiwa na chuchu nzima 12 akazaa watoto 14 hesabu haifungi, wawili hawana pa kukaa, na kusema atawalisha wenzie wakishiba haipo, maana hakuna kushiba kwa zamu, maziwa yanatoka kwa wote kwa wakati mmoja. Ukinunua jike hesabu chuchu. Watu wanaangalia masikio na rangi, hesabu chuchu! Ziwe 12 kwenda juu, zote zimechomoza, zimepangana pande zote mbili.

Na hapa kazi ni ya kwako kuliko ya mama. Siku 3 za kwanza unatakiwa uwepo. Mama ana kilo 100 na ushee, mtoto ana kilo 1 na kidogo, mama akijitupa kulala kampiga mmoja au wawili, kwahiyo ukutani unaweka mbao au bomba la kuzuia, sentimita 20 mpaka 25 kutoka chini na kutoka ukutani, mtoto apate pa kujibana. Watoto wanataka joto, nyuzi 32 mpaka 34 siku za mwanzo, wasipopata joto kona yao wenyewe wanaenda kujibana kwa mama na mama anawalalia. Halafu madini ya chuma. Hii watu wengi hawaijui, mtoto wa nguruwe anahitaji kama miligramu 7 kwa siku na maziwa ya mama yanampa 1 tu, porini angekula udongo, kwenye banda la sementi hana udongo, kwahiyo siku ya 3 anachomwa sindano ya madini ya chuma miligramu 200 ama sivyo utawaona weupe, wanahema hema, wamedumaa. Ongea na mtu wa mifugo kabla jike hajazaa, usimtafute siku ya tano.

Chakula je. Hesabu ya haraka wanayotumia wafugaji ni kilo 2 za mama mwenyewe na nusu kilo kwa kila mtoto, watoto 10 maana yake kilo 7 kwa siku, kila siku, kwa wiki 6 mpaka 8 za kunyonyesha. Pumba, dagaa, soya. Mashudu ya mise, zile kokwa za mchikichi, tunayo mengi huku Kigoma na bei yake si mbaya ila yana nyuzi nyingi, changanya kidogo, yasiwe ndo chakula chenyewe. Na mabaki ya kitimoto kutoka baa usimpe kamwe, homa ya nguruwe ya Afrika inasafiri kwenye nyama, haina tiba, ikiingia inafagia banda lote.

Na kuna jambo la majirani. Kama unaishi Ujiji au sehemu yoyote ambayo nyumba zimebanana na majirani zako ni Waislamu, usifuge nguruwe pale, hata kama sheria ndogo zinakuruhusu. Kaulize kwanza, au tafuta eneo nje ya mji. Kusema ukweli hii peke yake inawatoa watu nusu kwenye nguruwe.

Mbuzi yuko katikati. Mtoto wa mbuzi anazaliwa kavaa manyoya, anaona, nusu saa hivi kasimama anatafuta chuchu, kwahiyo joto la taa na boksi sahau. Ana chuchu 2, anazaa mmoja au wawili, hesabu inafunga. Mapacha watatu ndo shida, mmoja atakuwa anasukumwa tu, huyo mtafutie chupa mapema. Anachohitaji mbuzi ni kuachwa na mama yake saa ya kwanza, na hapo ndo watu wanaharibu.

Iko hivi, mama akizaa analamba mtoto, na katika kulamba pale anashika harufu yake. Dakika chache tu zinatosha. Baada ya hapo huyo ndo mwanae, mwingine yeyote akija kunyonya anapigwa kichwa. Sasa mtu anaona mvua, anambeba mtoto anampeleka jikoni anamkausha kwa kanga vizuri kabisa, anamrudisha baada ya saa mbili tatu, mama anamnusa anamkataa. Si kwamba ana roho mbaya, hajamjua. Kama lazima uwahamishe, wahamishe wote wawili pamoja, na ule ute usiufute, muache mama aulambe. Kwahiyo kwenye kupokea yatima mbuzi ni mgumu kuliko sungura, inabidi umpake mtoto mgeni ule ute wa uzazi wa mwanae, au umfunge mama kamba siku kadhaa mtoto anyonye kwa lazima mpaka azoee.

Ila kwa chupa mbuzi ni rahisi kuliko wote. Maziwa ya ng'ombe yanamfaa, mafuta na protini hayapishani sana na ya mama yake. Mtoto wa kienyeji anazaliwa na kilo 2 hivi, mpe kama mililita 300 mpaka 400 kwa siku mzigawe mara 4, yawe na uvuguvugu wa mwili, na mnyonyeshe akiwa kasimama kainua shingo. Usimlaze chali mikononi kama mtoto wa binadamu, wala usimmiminie mdomoni kwa kijiko, akinyonya mwenyewe kuna mfereji tumboni unajifunga maziwa yanapita pembeni ya tumbo la nyasi yanaenda moja kwa moja panapotakiwa, ukimmiminia yanaweza kuingia mapafuni.

Kitu kimoja usisamehe mtu, dang'a. Mbuzi, nguruwe, ndama, wote hawa wanazaliwa bila kinga yoyote ya mama, tofauti na binadamu na sungura ambao kinga wanaipata tumboni kabla hawajazaliwa. Kinga yote iko kwenye yale maziwa ya kwanza ya njano mazito, na utumbo wa mtoto unayapokea kwa saa 24 hivi tu, za mwanzo zikiwa bora zaidi, baada ya hapo anayanywa kama chakula cha kawaida. Bado kuna wazee wanayakamua wanayamwaga eti machafu. Mzee shikamoo, ila usimwage.

Faida nyingine ya mbuzi ni kwamba maziwa yanabaki ya kwako. Kiwele chake kinatunza sehemu kubwa ya maziwa chini pale kwenye hifadhi, unaweza kukamua bila mtoto kuwepo. Watoto wakifika wiki 3 au 4 na wameanza kutafuna majani, watenge usiku tu, asubuhi kamua, halafu waachie washinde na mama yao. Usitegemee lita kwa mbuzi wa kienyeji, huyo ni kikombe cha chai, ukitaka lita 1 au 2 tafuta chotara wa Saanen au Toggenburg. Na chemsha, ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo unaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi.

Ng'ombe sisemi sana, anayeuliza sungura au nguruwe kwa kawaida hana hela ya ng'ombe. Shemeji yangu wa Kasulu anao, wa kienyeji, na wale bila ndama hawashushi maziwa, lazima ndama aonje kwanza chuchu zote, atolewe, afungwe karibu na kichwa cha mama, ndo ukamue haraka haraka maana homoni ile inakaa dakika chache tu, na mgeni akija na makelele au mbwa akibweka ng'ombe anabana, unabaki unavuta ngozi. Ndama akifa maziwa mara nyingi yanakatika. Wa kisasa hana mambo hayo, ndama anatolewa ananyweshwa kwa ndoo, ila huyo anataka banda, majani ya kukatiwa na dawa za kupe, ni bajeti nyingine kabisa.

Sasa kuachisha, maana hapo ndo mzunguko wako wa pesa unapoanzia upya. Kunyonyesha kunazuia joto la kutaka dume, kwa wengine sana kwa wengine hakuzuii. Nguruwe akinyonyesha hapandwi, ukimtenga na watoto ndani ya siku 4 mpaka 7 anaita dume, kwahiyo mimba siku 115, kunyonyesha wiki 6 mpaka 8, unapata uzao kama 2 kwa mwaka. Sungura hazuiliki kabisa, siku aliyozaa hiyo hiyo anaweza kubeba mimba nyingine, na ndo maana dume ukimwacha humo unamchosha mama, ananyonyesha huku ana mimba, maziwa yanapungua. Mpe wiki 4 ndo umpandishe, watoto watoke wakiwa na wiki 5. Mbuzi ukimtunza unapata uzao 3 kwa miaka 2. Ng'ombe wa kienyeji anayeshinda na ndama anaweza kukaa mwaka na nusu na zaidi kabla hajazaa tena. Na ukitaka kujua kunyonyesha kunaweza kuzuia uzazi kiasi gani panda boti uende hapo hifadhi ya Gombe tu, sokwe mama ananyonyesha miaka 4 mpaka 5 na hazai mwingine mpaka huyu aache. Mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia pale 1960, kuna mmoja wao Flint alikuwa na miaka 8 bado anamganda mama yake Flo, Flo alipokufa 1972 na Flint akafa ndani ya wiki chache. Wa kwetu bandani afadhali.

Siku ya kuachisha muondoe mama, usiwaondoe watoto, hii ni kwa sungura na nguruwe wote. Watoto wabaki pale pale walipozoea, maana kukosa maziwa na kuhamishwa siku moja ni mambo mawili kwa wakati mmoja, wanaharisha. Mama mpunguzie chakula siku mbili tatu kabla ili maziwa yapungue, kiwele kisivimbe kikaoza.

Haya nani achukue nini. We mvuvi wa dagaa unayetoka jioni unarudi asubuhi, chukua sungura. Hakuhitaji usiku, wala hataki umsimamie, ukirudi unacheki matumbo, unaweka maji na majani, unalala. Mpe tu mtu kazi ya kuangalia siafu usiku wa mvua. Mwalimu au mtu wa ofisini naye sungura au mbuzi, ukiweza vyote viwili. Nguruwe nampa mtu anayeshinda nyumbani, ana eneo nje kidogo, ana uhakika wa pumba kila wiki na yuko tayari kulala bandani usiku ule jike anazaa. Ukiwa na hivyo vyote hakuna anayekurudishia pesa haraka kama yeye. Ukiwa huna hata kimoja, atazaa 12 utauza 4, na chakula cha mama umelipa cha wote 12.

Mama mwenye genge hapo Mwanga sokoni ambaye ana watoto wa shule wanaorudi saa 8 na majani ya mboga yanamwagwa kila siku, mi namwambia mbuzi wawili majike, beberu usinunue, azima au lipia. Wanafunzi wanaweza kumshikia mtoto wa mbuzi chupa, kwa nguruwe hawawezi, nguruwe mwenye watoto anang'ata. Na kama unaanza na mbuzi angalia kalenda, mimba yake ni siku 150. Mpandishe mwezi wa 6 au wa 7 azae mwezi wa 11 au wa 12 majani yakiwa yameshaota, maziwa yatakuwepo. Ukimpandisha mwezi wa 3 atazaa mwezi wa 8, vumbi tupu, na hapo jiandae kununua maziwa ya ng'ombe ya chupa mpaka mvua.